Misimu mitatu na faili la mashamba ya kutulia glaida: uzoefu wangu

Nimetumia XCSoar, programu ya kuongozea glaida (ndege isiyo na injini), kwenye simu ya Android kwa misimu mitatu. Ina mengi, ila hapa nataka kuzungumzia kitu kimoja: faili la mashamba ya kutua ambalo sisi marubani wa glaida tunalijaza wenyewe na kupeana.

Programu ni ya bure na inasoma faili za CUP, ambazo ni maandishi matupu. Kila mahali pana mstari wake: jina, latitudo, longitudo, mwinuko, namba ya aina (2 ni uwanja wa ndege wa nyasi, 3 ni shamba la kutua nje ya uwanja, 5 ni uwanja wa lami), mwelekeo, urefu, masafa ya redio, kisha maelezo. Ukiwa angani, simu inakuonyesha sehemu unazoweza kuzifikia kwa kimo ulichobakiwa nacho. Glaida ya uwiano wa 40 kwa 1, yaani inayokwenda mita 40 mbele kwa kila mita moja inayoshuka, ikiwa mita 1,000 juu, kwenye hewa tulivu, hufika kilomita 40. Mimi huhesabu nusu, kwa sababu njiani kuna hewa inayoshuka.

Kwa kazi hiyo naipa programu alama zote. Tatizo liko kwenye tunachokiandika.

Jioni moja hewa ya kupanda, ile inayoiinua glaida, ilikatika nikiwa na mita 500. Simu ikanipa shamba la karibu: urefu mita 350, maelezo "zuri, tambarare". Nilipofika, alama ilikuwa katikati ya miti! Shamba lenyewe lilikuwa pembeni, mita 370 hivi, na nikaliona kwa kuwa nilikuwa bado na kimo cha kuzunguka. Baadaye niligundua chanzo. CUP inataka dakika za latitudo na longitudo zenye desimali, na aliyeandika alichukua dakika na sekunde: 45 na sekunde 30 akaziandika 45.300 badala ya 45.500. Tofauti ni 0.2 ya dakika. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Nikiwa kwenye mkondo wa mwisho, nimeshaelekea shambani kutua, niliona nguzo tatu, kila moja na kivuli chake kirefu kwenye nyasi. Waya wenyewe sikuuona kabisa. Uzio ulikuwa umekata shamba katikati. Nikafungua breki za hewa zote, nikagusa chini mapema kadiri nilivyoweza, na glaida ikasimama hatua kumi na mbili kabla ya waya. Mikono ilitetemeka muda mrefu.

Aliyeandika "zuri, tambarare" sidhani alidanganya. Huenda siku yake uzio haukuwepo. Lakini mstari ule haukusema ni mwaka gani, wala kama alilikagua kwa miguu au alilitazama tu akipita juu. CUP haina safu ya tarehe, na hilo ndilo ningeliongeza kwanza kabla ya picha na mapambo mengine yote. Kwa sasa mimi naandika tarehe mwanzoni mwa maelezo, na ninaomba kila anayelijaza faili hili afanye vivyo hivyo. Shamba la nyasi fupi leo linaweza kuwa na mahindi ya kimo cha mtu miezi mitatu baadaye.

Kasoro nyingine ni nakala: kila mtu ana yake, na marekebisho ya mmoja hayamfikii mwingine mpaka atumiwe.

Nikisubiri trela ya kubebea glaida ije, nilipima shamba kwa hatua, kisha nikaufuta mstari wa zamani. Maelezo mapya, baada ya tarehe, yanasema: "Nimelikagua kwa miguu. Uzio wa waya unakata katikati, tafuta nguzo. Nusu ya magharibi tu, mita 180, inapanda kidogo kuelekea mashariki. Geti la trela liko kona ya kusini." Nikawatumia usiku uleule wote niliojua wana nakala.