Paneli ipi ununue ukiishi upande wa mawingu wa Meru na Kilimanjaro

Tangu mwezi wa sita uanze, ujumbe ninaoletewa na wasomaji wa Tengeru, Kibosho, Machame na Marangu ni ule ule: taa zinazima kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na fundi anasema betri imekufa. Betri yenyewe haijamaliza mwaka. Wengi walifungiwa sola mwezi wa kwanza au wa pili, jua likiwa kali, na dukani walisifiwa betri, taa na televisheni. Paneli hawakuelezwa kitu.

Kwa hiyo sitazungumzia idadi ya taa wala redio ya nyongeza. Nataka ujiulize swali moja kabla ya kutoa hela: je, paneli hii inaweza kuijaza betri hii mwezi wa saba?

Muuzaji akikupigia hesabu atakwambia Tanzania ina saa sita za jua kwa siku. Kwa Dodoma au Singida hesabu hiyo haiko mbali na kweli. Lakini miteremko ya kusini ya Meru na Kilimanjaro ina mambo yake. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, halafu kipupwe cha Juni hadi Agosti huleta wingu zito ambalo mara nyingi halifunguki mpaka mchana. Siku ya wingu la namna hiyo paneli hutoa kama asilimia 10 hadi 25 tu ya wati zilizoandikwa mgongoni mwake. Aliyeko Longido, upande mkavu, hana shida hii, ndiyo maana ushauri wa shemeji yako wa kule haukufai wewe wa Kibosho. Na baridi isisingiziwe: paneli hupenda ubaridi, ikipata joto hupunguza umeme. Adui ni wingu.

Huna haja ya kuniamini mimi. Fungua PVGIS ya Tume ya Ulaya kwenye simu, ni bure, gusa kijiji chako, nayo itakuonyesha makadirio ya umeme wa paneli mwezi kwa mwezi. Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia nayo ni bure. Angalia mwezi wa chini kabisa, usiangalie wastani wa mwaka. Kisha kumbuka kwamba ramani haioni miti ya kihambani kwako. Mwezi wa sita na wa saba jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo mti ulioko kaskazini mwa paa ndio unaokula umeme wako wakati huo huo mawingu yanapokula. Elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, mvua ioshe vumbi.

Mimi kwa miteremko hii napiga hesabu kwa saa 3 za jua kamili, yaani mwanga wote wa siku ukiukusanya unalingana na saa 3 za jua kali. Taa nne za wati 7 kwa saa 5 ni watisaa 140. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Simu weka 40. Jumla ni 300, na ukiongeza kinachopotea njiani fanya 400. Gawa kwa 3 unapata wati 133, kwa hiyo paneli isipungue 150, na 200 ndiyo ya kulala usingizi. Muuzaji anachukua 300 anagawa kwa 6, anakuuzia ya wati 50. Januari inatosha. Julai betri ya asidi inakaa wiki nzima nzima bila kujaa, salfeti inagandia kwenye sahani za risasi, na ikifika Septemba unarudi dukani kununua betri nyingine. Hapo ndipo ninapokasirika, maana muuzaji huyo huyo anakula faida mara mbili kwa kosa alilolifanya mwenyewe.

Chaguo langu la kwanza, bila kuficha upendeleo, ni paneli moja kubwa ya mono (ya seli za fuwele moja) ya kiwanda cha LONGi au JinkoSolar, wati 400 na kitu, pamoja na kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri, ya aina ya MPPT, inayobadilisha volti za paneli ziendane na betri bila kupoteza umeme, ya kampuni ya Victron. Victron ni ya Waholanzi na bei yake inauma. Ila SmartSolar zake zinasomeka kwa Bluetooth na zinatunza kumbukumbu ya siku 30, hivyo unaona kwa macho yako jana paneli ilileta watisaa ngapi, na fundi hawezi kukudanganya. SmartSolar 100/30 kwa betri ya volti 12 inabeba hadi wati 440, yaani paneli moja ya saizi hiyo. Usikubali kabisa paneli hii ifungwe kwenye kontrola ya bei rahisi ya PWM, ile isiyobadilisha volti. Paneli inafanya kazi karibu na volti 32, PWM inaiburuta hadi volti 13 za betri, na zaidi ya nusu ya umeme uliolipia inapotea hata siku ya jua kali.

La pili ni paneli mbili za wati 100 zenye seli 36 kila moja, zikifungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hizo zinaelewana na PWM kwa sababu volti zake haziko mbali na za betri ya volti 12, na unaweza kuanza na moja ukaongeza ya pili kabla ya masika.

Sola za mkopo, zile za kulipia kidogo kidogo kwa simu, naziweka ya tatu. Taa zake ni nzuri. Paneli yake mara nyingi ni ndogo, na katika mingi ya mifumo hiyo huwezi kuongeza nyingine. Kwa Same, kuliko kukavu, sawa. Kwa Marangu, chukua ya taa tu, achana na yenye televisheni.

Paneli zisizo na jina, hapana.

Sasa lebo. Nenda dukani na futi ya kupimia. Jua kamili linalotumika kupimia paneli kiwandani ni wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri za sokoni hugeuza kama asilimia 20 hadi 23 tu. Kwa hiyo paneli yenye ukubwa wa mita moja ya mraba haiwezi kuzidi wati 230 hivi. Ukikuta imeandikwa 300, umeandikiwa uongo. Lebo hiyo ya uongo itakuwa na IEC 61215 na IEC 61730 pia, namba za viwango vya kimataifa vya paneli, kwa sababu anayechapa wati za uongo hashindwi kuchapa na namba hizo. Kuna wauzaji wanaokunja uso ukitoa futi. Ondoka, nenda duka linalofuata.

Na ile "waranti ya miaka 25" ni ahadi ya kiwanda juu ya uwezo wa paneli, haina maana kama huwezi kuthibitisha ulichonunua. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa jina la kiwanda, wati na namba ya paneli yenyewe, na uzilinganishe na lebo ya mgongoni kabla fundi hajapanda juu ya bati.