Kahawa na donati kabla ya ndege Logan: ununue nini

Sisi tunaoishi Lowell na miji mingine ya kandokando ya Boston, ndege ya saa moja asubuhi tunaipandia Logan, uwanja wa ndege wa Boston, na ukishapita ukaguzi foleni ya kwanza utakayoikuta huenda ni ya Dunkin', duka la kahawa na donati. Duka hili ni la hapahapa: jina hilo lilianza Quincy mwaka 1950. Shida si kulipata, ni kujua uagize nini ukiwa umebakiwa na dakika ishirini.

Nunua baada ya ukaguzi. Kinywaji kinachozidi mililita 100 hakivuki, hata kiwe cha moto kiasi gani. Donati huvuka.

Ninayoipa nafasi ya kwanza ni kahawa ya kuchuja, kikombe kidogo, pamoja na donati ya Old Fashioned. Kahawa hiyo imeshapikwa, muuzaji anamimina tu. Ila chunga neno "regular". Huku New England, yaani majimbo haya ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, halina maana ya saizi ya kati. Maana yake ni kahawa yenye krimu na sukari. Ukitaka isiyo na krimu wala sukari, sema "black". Na hiyo donati imeumuliwa kwa baking pauda, haikupakwa sukari ya maji, nje ina ukoko na ndani imeshikana. Ukiichovya haivunjikivunjiki, na ikikaa kwenye begi mpaka Chicago haijanata popote. Aliyekulia kwenye andazi la asubuhi na chai ataipenda kwa tonge la kwanza.

Ya pili, Munchkins, vile vidonge vya donati vya mviringo vilivyoanza kuuzwa mwaka 1972. Ukisafiri na watoto, hizi ziweke za kwanza: hakuna kukata, hakuna kugombania. Epuka tu zilizonyunyiziwa sukari ya unga kama umevaa nguo nyeusi.

Ya tatu ni ile ya hamira iliyopakwa sukari inayong'aa. Ni laini kama hamri la moto, lakini vidole vitanata, kwa hiyo imalize hapohapo na unawe.

Boston Kreme naipenda kuliko zote. Donati ya aina hiyo, yenye kastadi ndani na chokoleti juu, ndiyo donati rasmi ya jimbo la Massachusetts tangu 2003. Hata hivyo naiweka ya nne, kwa sababu ukiing'ata upande huu kastadi hutokea upande ule. Uile ukiwa umekaa getini, tishu mkononi, si ukiwa umebanwa kati ya abiria wawili.

Mwisho kabisa ni lati na wenzake wa maziwa ya povu. Kila kikombe hutengenezwa peke yake, na watu kumi walio mbele yako ni vikombe kumi. Kikombe kikubwa nacho sikishauri: ndege ikipaa meza zinakunjwa, utakishika mkononi cha moto, na baadaye utataka choo huku taa ya mikanda inawaka.

Tazama saa. Ndege nyingi za ndani ya Marekani hufunga mlango dakika 15 kabla ya kuondoka. Muda ukibana sana, chukua Old Fashioned peke yake. Kahawa mashirika mengi makubwa huigawa bure angani.