Jigi za kuvulia chewa maji marefu: kabla hujalipa, tazama pete

Mwezi uliopita nilipoteza chewa kwa sababu ya kipete kidogo kuliko ukucha wangu. Tulikuwa Fungu Kizimkazi, kusini mwa Unguja, mita 90, maji mafu, mkondo dhaifu, nahodha katuweka juu ya mwamba penyewe. Jigi, yaani chambo bandia cha madini ya risasi chenye ndoana, ikagusa chini, nikainua mara mbili, ya tatu fimbo ikapinda. Nikazungusha rili kama mara saba hivi, halafu mkono ukawa mwepesi ghafla. Nilipopandisha uzi nikakuta fundo liko salama na kitanzi chake kizima, hakuna hata mkwaruzo. Jigi ndiyo haipo.

Nilikaa nalitazama lile fundo mpaka likaniingia akilini. Lida, ule uzi mnene wa mwisho unaofungwa kwenye jigi, ilikuwa imetembea ndani ya mikunjo ya kipete, ikatokea upande wa pili, kama unavyotoa ufunguo kwenye pete ya funguo. Nyumbani nikazitazama jigi mbili zilizobaki kwenye pakiti ileile: kipete kimoja nilikifungua kwa ukucha.

Kwa hiyo sitawaambia habari za rangi. Kina hicho nyekundu si nyekundu tena, na chewa hachagui kitenge. Uzito nao ni suala la mkondo: mita 90 maji mafu mimi hushusha gramu 150 hadi 200, na wakati wa bamvua, hasa kusi linapovuma na mkondo wa kwenda kaskazini kukaza, naongeza au nabaki nyumbani.

Tazameni pale juu jigi inapofungwa. Panatakiwa pete mbili. Ya kwanza ni pete nzima isiyo na mwanya: hapo ndipo lida inapofungwa na hapohapo inaning'inia ndoana yenye kamba fupi. Ya pili ni kipete cha mikunjo, kazi yake kuishikilia jigi tu. Zikipangwa hivyo, samaki anavuta ndoana, ndoana inavuta pete nzima, pete inavuta lida. Kipete hakibebi mzigo wa samaki. Jigi nyingi zinazouzwa hapa zina kipete peke yake, na ndoana ya meno matatu mkiani. Hiyo ya mkiani ing'oeni siku hiyohiyo. Kwanza inanasa mwamba, pili samaki akiishika hiyo, mzigo wote unapita kwenye jigi na kile kipete.

Sasa chaguo langu. Ya kwanza ni Shimano Flat-Fall, na sioni haya kusema naipendelea. Uzito wake uko katikati, kwa hiyo ukiilegezea uzi inalala ubavu na kushuka ikiyumba huku na huku, na samaki wengi wa chini wanaigonga ikiwa inashuka. Kazi yako ni kuinua taratibu, kulegeza, kusubiri. Mkono haukuumi. Hata hii nabadilisha vipete, naweka vya Owner vya Japani. Ukijaribu kuvipanua bila koleo utavunja kucha.

Ya pili ni Williamson Benthos. Ndefu, nyembamba, inazama upesi, na mkondo ukiwa mkali inafika chini wakati Flat-Fall bado inapeperuka. Lakini inataka kuchezeshwa kwa kasi, fimbo na rili pamoja, na baada ya saa moja bega linalia. Kolekole wanaipenda kuliko chewa.

Za bei chee zisizo na jina: nunueni risasi yenyewe, tupeni vyuma vyote vilivyokuja nayo, wekeni pete zenu na ndoana za Mustad. Basi.

Yule muuzaji aliyeniuzia ile pakiti nilimrudia. Nilimpelekea kile kipete kilichofunguka, nikamwekea mezani. Akakitazama, akaniambia, "Dada, uliivuta kwa nguvu." Nikamuuliza jigi ya gramu 200 inavutwaje kwa upole na chewa yuko upande wa pili. Akacheka, akanionyesha pete nzima kwenye kijipakiti kingine, nyuma ya kioo. Kumbe anazo! Anauza jigi bila pete, halafu anauza pete peke yake. Jigi tatu zilinitoka kwa 45,000, na hapo sijahesabu mafuta ya boti. Na bei za maduka haya hazijaandikwa popote. Anakutazama kwanza, akiona miwani ya jua na kofia ya boti za wageni, jigi ya jana inapanda leo. Mjomba wangu akienda na kanzu yake anauziwa kwa nusu, ingawa yeye ni mtu wa mshipi wa mkono, chubwi na kipande cha ngisi, na siku ile niliyompoteza chewa alishuka na changu sita.

Sasa namtuma yeye. Pete nazikagua mwenyewe akirudi.