Hedifoni zisizo na waya kwenye hom theata: uzoefu wangu hapa Kisumu

Risiva yetu ya hom theata, yaani lile boksi linaloendesha spika, ina nembo ya Bluetooth usoni, na wauzaji wengi watakuapia kwamba hiyo inatosha kuunganisha hedifoni. Haitoshi. Kwenye risiva nyingi Bluetooth ni ya kupokea: unatuma wimbo kutoka kwa simu, spika zinaimba, basi. Kurusha sauti iende kwenye hedifoni ni kazi nyingine. Zipo zinazoweza, baadhi ya Yamaha na Denon za miaka ya karibuni, lakini ya sebuleni kwetu Migosi haimo, na sikuwa tayari kununua risiva mpya kwa ajili ya hedifoni.

Niliyekuwa namshughulikia ni Baba. Akija Kisumu kwa kliniki hukaa kwetu, na masikio yake yamepungua nguvu. Habari za saa moja zilikuwa zinasikika hadi kwa jirani wa chini, watoto wamejifungia chumbani na vitabu vyao, na bado Baba ananiuliza, "Mama, huyu anayesoma mbona ananong'ona?" (Ananiita Mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.) Sikutaka kumtenga na simu yake pembeni. Nilitaka spika zibaki kwenye sauti ya kawaida ya nyumba, naye awe na yake masikioni, wakati uleule.

Sharti hilo ndilo lililoamua kila kitu. Njia rahisi ni tundu la hedifoni mbele ya risiva. Huwa ni lile nene la milimita 6.35, kwa hiyo unahitaji adapta ya kupokea pini ya 3.5, kisha unachomeka transmita ndogo ya Bluetooth, kifaa cha kurusha sauti kwenda kwenye hedifoni. Tatizo ni kwamba risiva nyingi hunyamazisha spika mara tu kitu kinapoingia kwenye tundu hilo. Kama unatazama Ligi ya Mabingwa peke yako saa tano usiku na nyumba imelala, chukua njia hii na usihangaike na nyingine. Kwetu, Baba angesikia na sisi wengine tubaki kutazama midomo.

Nikageukia nyuma ya TV. Huko kuna tundu la optiko, linalotoa sauti kwa mwanga, dogo la mraba lenye kilango, na TV ikiwaka unaona mwanga mwekundu ndani. Risiva nayo ina matundu kama hayo, lakini kwa kawaida ni ya kuingiza sauti, si ya kuitoa. Dikoda iliyokuwa kwenye risiva niliihamishia kwenye TV, kisha TV nikaiunganisha na risiva kwa waya wa HDMI kupitia tundu lililoandikwa ARC, linaloruhusu sauti ya TV kurudi kwenye risiva. Sasa sauti inatoka kwenye TV kwa njia mbili: kwa ARC kwenda kwenye spika, na kwa optiko kwenda kwenye transmita. TV yetu inakubali zote mbili pamoja. Zipo zinazozima moja, kwa hiyo hakikisha yako kabla hujatoa pesa. Na kabla ya kuchomeka waya wa optiko, ng'oa vile vifuniko vya plastiki kwenye ncha zake. Ni vyembamba, havionekani vizuri, na vikibaki waya hauingii.

Ndani ya mipangilio ya sauti ya TV, toa Dolby Digital, sauti iliyobanwa kwa ajili ya spika nyingi, uweke PCM, sauti isiyobanwa. Transmita nyingi za bei ya kawaida hazielewi Dolby, na hedifoni hukaa kimya kana kwamba zimekufa. Gharama yake ni kwamba kwetu PCM hupeleka stereo tu hadi kwenye risiva, na spika za nyuma hazina kazi mpaka nirudishe mpangilio siku ya filamu. Kwa habari na mpira naikubali.

Lililonipa kazi zaidi ni sauti kuchelewa. Bluetooth ya kawaida, ile ya mfumo wa SBC, inaweza kuchelewa kwa milisekunde 200 hivi. Kwenye muziki hutambui. Kwenye TV midomo inatangulia, na spika zikiwa zinacheza chumba hichohicho, mwenye hedifoni anasikia kila neno mara mbili. Kwa mzee ambaye tayari anapigania kusikia, hiyo ni mateso. Nilitafuta aptX Low Latency, mfumo wa Bluetooth wenye ucheleweshaji mdogo, unaokaribia milisekunde 40, na lazima uwepo kwenye transmita na kwenye hedifoni pia. Upande mmoja ukikosa, vinatumia mfumo mwingine bila kukuambia. Duka la kwanza mjini niliambiwa, "Madam, Bluetooth ni Bluetooth," na hawakutaka kufungua boksi. Nikaondoka. La pili, karibu na Oginga Odinga Street, kijana aliwasha TV, akatafuta mtangazaji anayeongea, akanivisha hedifoni. Midomo na maneno vilikwenda pamoja. Transmita shilingi 4,500, hedifoni 7,000, na sijutii hata shilingi moja.

Kuunganisha ni kubonyeza kitufe cha transmita na kukishikilia hadi taa ipepese nyekundu na buluu, ufanye vivyo hivyo kwenye hedifoni, usubiri buluu itulie. Umeme transmita inachukua kwenye USB ya TV. Stima ikipotea na kurudi, vinatafutana vyenyewe.

Jioni ya kwanza Baba alivaa, akakaa kimya kidogo, kisha akaanza kubishana na mbunge aliyekuwa kwenye skrini, na watoto wakamjibu kutoka mezani. Sasa anapandisha sauti yake kwa kitufe cha sikioni bila kutugusa, na anaweza kwenda jikoni kuchukua chai habari zikiendelea. Akifika nje kwa lango, ukuta wa mawe unaikata.

Ninacholalamikia ni ngozi bandia ya hedifoni. Kwa joto la Kisumu masikio yanatoka jasho, na kila matangazo yakianza Baba anazivua kujipangusa. Natafuta vifuniko vya kitambaa vinavyoingia kwenye modeli hii; kijana wa duka ameahidi kuniagizia.