Booderee, hifadhi yenye wenyewe: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitaieleza huko chini, maana haihusu huduma.

Ukiitafuta Booderee, hifadhi ya taifa ya Australia, mtandaoni utaletewa picha za Murrays Beach: mchanga mweupe pepepe, maji maangavu, miti imeshuka hadi ufukweni. Picha hazidanganyi. Ila sisi tuliokulia Diani hatuendeshi gari karibu saa tatu kutoka Sydney kwa ajili ya mchanga mweupe. Mimi nilifuata msitu, na habari niliyoisikia kwamba hifadhi hii ina wenyewe.

Iko Jervis Bay, kusini mwa Sydney, kwenye kipande cha ardhi ambacho tangu 1915 kiko chini ya serikali kuu ya Australia na si jimbo la New South Wales. Mwaka 1995 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilirudishwa kwa jamii ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, walioko Wreck Bay. Wao wakaikodisha kwa idara ya hifadhi za taifa kwa mkataba wa miaka 99, na kwenye bodi ya usimamizi ndio walio wengi. Kijiji chao kimo humo humo hifadhini, na wageni wanaombwa wasiingie. Hilo nililipenda sana. Nimeshaona sehemu nyingi watalii wanavyopelekwa kuchungulia jikoni kwa watu wakiambiwa ndio utamaduni. Mtu wa Kwale atakumbuka Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa kwetu, ambako huingii bila kufungwa kaniki na kufuatana na mwongozaji wa pale pale. Mwenye msitu ndiye anayesema uone nini na uache nini.

Kuhusu tiketi: unalipia gari, unaweza kulipa mtandaoni kabla ya kufika. Kama una kadi ya mwaka ya hifadhi za New South Wales, hapa haitambuliwi, kwa sababu hii si hifadhi ya jimbo. Kampuni moja tuliyokodi gari ilituhakikishia kuwa inatosha. Tukalipa mara ya pili na tukanyamaza.

Sasa, usifanye wanavyofanya wengi, kukimbilia ufukweni na kuipita bustani ya mimea. Ilianzishwa 1951 kama tawi la bustani ya taifa ya Canberra, ili mimea isiyostahimili baridi kali ya kule ipate pa kuishi. Leo ni mali ya watu wa Wreck Bay, na humo ndimo nilipopata thamani ya pesa yangu. Mama wa Kikoori (Wakoori ndivyo Waaborijini wa huku wanavyojiita) aliyetuongoza hakuwa na mbwembwe. Alisimama kwenye mti mmoja mfupi, shina limeungua jeusi, kichwani manyasi marefu yameanguka pande zote. Ule mlingoti wa maua unaochomoza katikati walifanyia mkuki, na utomvu wake ukipashwa moto unakuwa gundi ya kushikizia ncha. Maua yake wakayaloweka majini wapate kinywaji kitamu. Alitupa kipande cha utomvu mkavu tukishike: chekundu cha kahawia, kigumu, kinavunjika kwa kucha.

Kisha akachuma jani refu la lomandra, mmea ambao wanawake wa huku husukia vikapu. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Msambweni na ambaye tangu asubuhi alikuwa analalamikia baridi, akamwomba lile jani. Akalichana kwa ukucha wa dole gumba, akachana na la pili na la tatu, na bila kusema neno akaanza kusuka ukili. Yule mama akamtazama mikono, akachuma majani mengine akamuongezea. Hawakuwa na lugha moja, na mimi mkalimani sikuhitajika. Ziara ikachelewa; hakuna aliyenung'unika.

Msituni kwenyewe ndiko nilikobadili mawazo. Nilidhani kuhifadhi ni kuzungushia mpaka na kuacha. Huku ni kazi ya kila siku, na nyingine inauma. Njiani kuna vibao vya kuonya kwamba kumetegwa sumu ya mbweha. Mbweha waliletwa na Wazungu, na wanamaliza wanyama wadogo kama potoroo, ndugu ya kangaruu mwenye ukubwa wa sungura. (Kwa hiyo mbwa wako asikanyage humu.) Sumu hiyo ndiyo iliyowezesha bandikuti wa kahawia, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, kurudishwa kuanzia 2016. Kuna pia kichaka kiitwacho bitou, kilicholetwa kutoka Afrika Kusini na kupandwa ili kishike mchanga, kikaishia kufunika mimea ya wenyeji. Wanakipulizia dawa, wanakichoma, kisha wanapulizia tena machipukizi. Na pamoja na jasho lote hilo, kuna mnyama wa mitini aitwaye greater glider, anayeelea kutoka mti hadi mti kwa ngozi ya ubavuni, aliyetoweka humu takriban 2007. Wataalamu waliokuwa wakifuatilia wanyama wa hapa kwa miaka mingi walimwona akipungua na hawakuweza kumzuia.

Mnara wa taa wa Cape St George upitie ukiwa njiani, usiupangie siku. Uliwashwa 1860 mahali pasipofaa, meli za kutoka kaskazini haziuoni, zikaendelea kuvunjika. Baadaye jeshi la majini likaupiga mizinga. Siku hizi ni mawe tu, ila kati ya Mei na Novemba ni mahali pazuri pa kuangalia nyangumi.

Kuhusu ile nyota. Ndani ya eneo hilo hilo kuna vituo vya jeshi la majini, na povu la kuzimia moto lililotumika huko kwa miaka mingi lilichafua ardhi na maji ya watu wa Wreck Bay kwa kemikali zisizooza. Walienda mahakamani, na mwaka 2023 serikali ikakubali kuwalipa dola milioni 22 za Australia. Wenye ardhi wanaotufundisha majani ya kula na ya dawa ndio hao hao wanaoogopa kuokota chakula kwenye baadhi ya vijito vyao. Siwezi kuandika tano nikilijua hilo, ingawa kosa si la waliotupokea.

Wenye watoto pigeni kambi Green Patch, gari linafika karibu na hema. Cave Beach ni pazuri zaidi lakini mizigo mtabeba wenyewe kutoka maegesho. Likizo ya Krismasi nafasi zinagombaniwa, wekeni mapema. Na ziara ya kuongozwa na Wakoori haipo kila siku: ulizeni ratiba kwanza, kisha ndio mpange tarehe ya safari.