Mfarishi wa vitenge: kidogo kila siku au Jumamosi nzima?

Huku Mwanza ubishi huu wa kushona mfarishi, yaani blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, hauishi. Kidogo kila siku kwa mkono ni sindano na uzi tu, mabaki ya vitenge unaomba kwa fundi, umeme ukikatika hujali, unashona hata ukisubiri daladala ya Buhongwa, ila mfarishi mmoja unaweza kula mwaka na bila subana, kile kikofia cha kukinga kidole, kidole kinatoboka balaa. Jumamosi nzima kwenye cherehani kazi inaenda chap, mshono umenyooka, lakini mashine inataka oili, halafu ukipigwa msiba au harusi ndo basi tena, hapo wengi huachia njiani. Mwenye watoto wadogo ashone mkono, mwenye oda za watu cherehani. Vyovyote, fua vipande kwanza, kitenge kipya huchuja rangi.