Kazi nzito za simu kuzipeleka kwenye wingu: uzoefu wangu na sataranji, sauti na gemu

Simu yangu ni ya daraja la kati na sina mpango wa kuibadilisha. Kazi zinazoielemea nimezoea kuziachia seva za mbali, ndizo ninazoziita wingu: kuchambua sataranji, kugeuza sauti kuwa maandishi, na kucheza gemu kubwa. Mbili za kwanza sasa siwezi kukaa bila hizo. Ya tatu nimeiacha, na kilichonikimbiza ni aina ya kazi yenyewe zaidi kuliko ubovu wa huduma.

Sataranji nacheza Lichess, tovuti na programu ya kuchezea mtandaoni. Ni bure, haina matangazo, na inaendeshwa kwa michango. Mchezo ukiisha una njia mbili za kujua ulipoharibu. Ya kwanza ni kuwasha Stockfish, programu ya kuchambua sataranji, ndani ya simu. Hiyo hupima mamilioni ya hali za ubao na kushika kila kiini cha prosesa utakachoiruhusu. Muda si mrefu mgongo wa simu unakuwa moto, betri inashuka kwa kasi, kisha simu inajipunguzia mwendo ili isiungue, na uchambuzi unaanza kusuasua pale pale ulipokuwa unaanza kunoga.

Njia ya pili ni kuomba uchambuzi kutoka kwenye seva. Ombi linaenda, na kazi inagawiwa kwa kompyuta za watu waliojitolea duniani, wanaoendesha programu iitwayo Fishnet. Simu inabaki baridi mkononi. Baada ya kitambo grafu ya mchezo imejichora, kila kosa lina alama yake, na wewe unasoma tu. Nawashukuru kwa dhati hao watu wanaotoa umeme wao na mashine zao ili mimi nijue kwa nini farasi wangu alinaswa.

Tazama kinachosafiri hapo. Ubao una miraba 64 na kete zisizozidi 32. Mchezo wa hatua 40 kwa kila upande unaandikika kwa herufi mia chache, na tena seva ilikuwa nao tangu mwanzo, kwa hiyo simu inatuma ombi tupu. Kinachorudi ni tathmini ya kila hatua, nayo haina uzito. Katikati ya safari hizo mbili fupi ndipo penye mlima wa hesabu. Watafiti Karthik Kumar na Yung-Hsiang Lu waliliandika jambo hili mwaka 2010 katika jarida la Computer la IEEE, chama cha wahandisi, na sataranji ilikuwa miongoni mwa mifano yao: kupeleka kazi nje kunaokoa betri pale hesabu inapokuwa kubwa na data ya kusafirisha ikawa ndogo. Mambo yakigeuka, redio ya simu itakula umeme mwingi kuliko ule ambao prosesa ingeutumia kwa kufanya kazi yenyewe. Siku hizi sijisajili huduma yoyote ya namna hii kabla ya kujiuliza swali hilo: nini kinapanda, nini kinarudi, na kazi ya katikati ni kubwa kiasi gani?

Kwa kipimo hicho, sauti inapita vizuri. Narekodi mahojiano marefu na nahitaji maandishi yake. Natumia Whisper, modeli ya akili bandia ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo kampuni ya OpenAI waliitoa wazi Septemba 2022, nikiiendesha kwenye daftari la Google Colab, yaani ukurasa wa kuandikia na kuendesha msimbo kwenye mashine za Google, kupitia kivinjari cha simu. Saa nzima ya mazungumzo, ukiibana kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni megabaiti 14.4 tu. Picha chache za kamera zinaifikia. Modeli kubwa ya Whisper, kwa upande wake, ina vigezo (namba za ndani inazofanyia hesabu) milioni 1,550, mzigo ambao simu ya aina yangu haiubebi kwa raha. Huko kwenye wingu unaweza kupewa GPU, prosesa ya kufanya hesabu nyingi kwa pamoja, bila kulipa, ingawa Google wenyewe wanasema wazi kwamba haina uhakika wa kupatikana kila wakati.

Kuandika msimbo kwenye skrini ndogo kunachosha macho na vidole. Andaa daftari mara moja kwenye kompyuta ya mtu, lihifadhi, kisha kwenye simu kazi yako iwe kubadilisha jina la faili na kubonyeza. Jingine ni kwamba mashine unayopewa ni ya muda. Ukikaa kimya inakatwa, na kila kilichokuwa juu yake kinafutika, kwa hiyo mwelekeze Whisper aandike matokeo moja kwa moja kwenye Google Drive, hifadhi yako ya mtandaoni. Na tuma faili zako kwa mkupuo. Redio ya simu haizimi papo hapo ikimaliza kutuma. Inabaki macho kwa sekunde kadhaa ikingoja kazi nyingine, kwa hiyo vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika vinamaliza betri kuliko furushi moja. Mahali penye mawimbi hafifu ni pabaya zaidi, kwa sababu redio inalazimika kupaza nguvu ili isikike.

Kwa Kiswahili usitegemee maandishi safi. Majedwali ya watengenezaji wenyewe yanaonyesha Whisper hukosea zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Mimi nayachukua kama rasimu na kupitia sauti tena nikiyasahihisha, na bado napata nafuu kubwa.

Gemu sasa. Huduma niliyolipia sitaitaja, kwa kuwa tatizo nililopata linazihusu zote kwa viwango tofauti. Hapa hakuna furushi dogo linalokwenda na kurudi mara moja. Kila unapogusa kitufe, mguso unapanda. Kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo inayochorwa, inashuka kama video. NVIDIA, kwa GeForce Now, huduma yao ya gemu za wingu, wanapendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 720p (mistari 720 ya kwenda juu) yenye fremu 60 kwa sekunde. Piga hesabu: mtiririko wa kasi hiyo kwa saa moja ni gigabaiti 6.75. Simu haichori chochote, lakini redio na kisimbuzi cha video, kinachoifungua ili ionekane, havipumziki.

Kisha kuna umbali. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde kama 17. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kituo cha data kilicho kilomita 5,000 kinakugharimu milisekunde 50 za kwenda na kurudi kabla ya foleni za njiani. Hizo ni fremu tatu. Gemu ya kufikiri taratibu nilicheza bila shida. Ya mbio za magari haikuchezeka: nakata kona, gari linaendelea kunyooka, halafu linapinda nikiwa tayari ukutani. Hakuna malipo ya ziada yanayoweza kuharakisha mwanga. Tiba ni seva kusogea karibu, na hilo mtafiti Mahadev Satyanarayanan na wenzake walilipendekeza mwaka 2009 walipoeleza wazo la vijiwingu, seva ndogo zilizo jirani na mtumiaji. Mpaka mtu aniwekee kimoja karibu, gemu za kasi nacheza zile zilizomo ndani ya simu tu.

Lililobaki ni siri, na naliona zito kuliko betri. Watu hufikiri faili ikisimbwa njiani, yaani ikigeuzwa isisomeke na mwingine, basi imelindwa. Njiani ndiyo, lakini seva ya kugeuza sauti lazima ifungue faili na kuisikiliza ili ifanye kazi. Mchezo wa sataranji hauna cha kuficha. Sauti ya mtu anayekusimulia ugonjwa wake ina mengi. Kwa hiyo namuuliza mhusika kabla ya kupakia chochote. Akikataa, natumia whisper.cpp, programu inayoendesha Whisper bila wingu, ndani ya simu na modeli ndogo iitwayo base, yenye vigezo milioni 74. Inakosea zaidi, na inabidi niiache simu ikiwa imechomekwa kwenye chaji mpaka imalize.